Tangu Bahasha ya Kaki

Walioanza kazi kabla ya simu za kupangusa wanaikumbuka harufu ya lakiri: kijiti chekundu kikichomwa kwa kiberiti, tone likidondokea mdomo wa bahasha ya kaki, muhuri ukigandamizwa kabla halijapoa, kisha bahasha ikipelekwa Ubungo alfajiri kwa konda wa basi la mkoani, jina lake na namba ya basi zikiwa zimeandikwa daftarini, na mwenzetu wa kule akipigiwa simu ya mezani akaipokee mwenyewe. Lakiri ikifika imepasuka, tulijua pa kuanzia kuuliza.

Leo mabasi yanaondokea Mbezi. Orodha ya wanachama tuliyokuwa tukiifunga ndani ya bahasha ile haipandi tena basi.

Sitamani kurudi enzi hizo. Mvua ikikata barabara, hesabu za mwezi zililala njiani. Zikaja disketi za megabaiti 1.44, adui yao vumbi, halafu flashi, ambayo ilitoka intaneti kafe na virusi, ukaifungua ofisini ukakuta mafaili yote yamegeuka njia za mkato. Sasa mhasibu wa Kigoma na mimi tunatazama ukurasa mmoja kwa dakika ileile. Hiyo ni neema.

Lakini hatari imehama. WhatsApp ilipokamilisha mwaka 2016 kufunga ujumbe kwa fumbo ambalo mtumaji na mpokeaji tu ndio hulifungua, njia ikawa salama kuliko ilivyopata kuwa. Kilichobaki wazi ni miisho yake: simu iliyopotea isiyo na neno la siri, kundi ambalo aliyeacha kazi bado yumo, folda iliyoachwa kwa yeyote mwenye kiungo. Na kiungo hakipasuki. Kikipita mikono ishirini, kinabaki kilekile.

Kuyarekebisha hayo hakuhitaji fundi. Folda ifunguliwe kwa majina ya watu, akaunti iwe na uthibitisho wa hatua mbili, neno la siri la faili litajwe kwa sauti, lisiandikwe chini ya faili lenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde.

Mama wa masijala hakumruhusu mtu aage kabla hajarudisha funguo na kusaini. Siku hizi kazi hiyo, ya kumtoa anayeondoka kwenye makundi na folda, haina mwenyewe. Ningependa kila ofisi ndogo impe kazi hiyo mtu mmoja, kwa jina, kabla haijanunua programu yoyote.