SEHEMU YA 14: DDC, SIKINDE NA ZIWA LAKO MAMA

Kina mama wenzangu wa Buguruni na mitaa ya jirani, leo tunaenda baa. Msinitolee macho, someni kwanza.

Ukifuata Barabara ya Uhuru kutoka huku kwetu, ukapita Ilala, unaingia Kariakoo, na Kariakoo kuna DDC. Wazee wako wanaijua. Pale watu walikula, walikunywa, na muziki ulipigwa. DDC ni lile Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Mwaka 1978 bendi ilizaliwa kwenye baa ya Mlimani Park, ikabeba jina la baa. Mwaka 1983 shirika likaichukua, ikawa DDC Mlimani Park, ndiyo Sikinde hiyo, ya kina Muhidin Gurumo na Hassani Bitchuka. Miaka na miaka watu wakaifuata DDC Kariakoo. (Ndoa nyingi za mjini hapa zilianzia kwenye dansi, waulizeni shangazi zenu vizuri.)

Sasa, kuna neno la meza za baa limeingia mpaka chumbani kwa mzazi: "Mpe bia kidogo, maziwa yatoke." Nalisikia kliniki kila mara. Hapana mama. Pombe inazuia maziwa kushuka. Mtoto atavuta sana, atapata kidogo, na hicho kidogo kina pombe, maana iliyo kwenye damu yako ndiyo iliyo kwenye ziwa. Chupa moja kubwa, subiri walau saa tatu. Mbili, zidisha mara mbili. Kukamua na kumwaga hakuharakishi kitu, kahawa wala ndimu haisaidii. Na ukiwa mjamzito, hata hiyo moja acha kabisa.

Kinachonitisha zaidi wala si ziwa, ni kitanda. Aliyekunywa asilale na kichanga, awe mama, awe baba. Usingizi wa pombe ni mzito, unaweza kumlalia mtoto usijue. Najua wengi tuna chumba kimoja, kitanda kimoja. Basi mnywaji ashuke kwenye mkeka, mtoto abaki na ambaye hajanywa.

Dansi nenda, mama, mwili na akili vinataka kupumzika. Nyonyesha kabla ya kutoka, kamua umwachie bibi, ukifika agiza supu na maji yako. Maswali ya kutunza maziwa bila friji yaacheni hapo chini, nitayajibu Sehemu ya 15.