Mwiko wa Ngano

Chakula kimoja huweza kumjenga mtu na kumbomoa jirani yake. Hivyo ndivyo ulivyo ugonjwa wa siliaki. Ndani ya ngano, shayiri na jamaa zao mna gluteni. Mtoto mwenye ugonjwa huu akiila, mwili wake hugeuka adui wa utumbo wake mwembamba, ukaharibu vinyweleo vinavyofyonza chakula. Hula asipate nguvu: tumbo hujaa, mwili hukonda, damu hupungua, kimo hudumaa. Daktari wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, alieleza katika tasnifu yake ya mwaka 1950 kuwa ngano ndiyo yenye kuwadhuru watoto hao. Tiba hata leo ni kuiacha gluteni maisha yote.

Na afikiriwe mtoto wa namna hiyo huko Mlali, chini ya milima ya Uluguru. Chungu cha kila siku hakina hila kwake: ugali wa mahindi, wali, maharage, ndizi na muhogo ni salama. Hatari huja imevaa nguo ya wema. Akikonda, huandaliwa uji wa lishe, na huenda unga wake umechanganywa na ngano. Muhogo wa kukaanga unaouzwa njiani huenda umetoka katika mafuta ya maandazi. Siku ya arusi shangazi humnyoshea chapati, na kukataa mkono wa shangazi ni kumkataa shangazi mwenyewe. Mama huonekana mwenye kiburi, na mtoto mwenye kudeka.

Lakini Waluguru hufuata ukoo wa mama, na neno la mjomba lina uzito. Mjomba akisimama mbele ya jamaa akasema, "Ngano ni mwiko wa mtoto huyu," yamkini hapana atakayedai hoja zaidi. Gluteni ni neno geni. Mwiko ni neno la kale, na mwenye mwiko hachekwi wala halazimishwi. Elimu ya hospitali humwambia mgonjwa asile nini. Desturi huwafundisha wenziwe kumstahi asipokula. Moja bila ya nyingine haimtoshi.

Basi nyumba ya mtoto huyo hapana budi iwe na miiko miwili: mmoja wa mti, wa kusongea ugali wake, usiogusa ngano kamwe, na mmoja wa neno, unaolindwa na ukoo mzima.