Hati Asiyoonyeshwa Mwenyewe

Huku Momela, chini ya Mlima Meru, neno kuhamishwa lina uzito wake. Hatuko mbali na Engare Nanyuki, ambako mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ili igawiwe walowezi wa Kizungu, na nyumba zao zikatiwa moto. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alipelekwa New York kuwasemea mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Alisikilizwa, ardhi haikurudishwa. Nimekulia katika maongezi ya jambo hilo, na yamkini ndiyo sababu nisomapo hukumu hutazama kwanza, si nani aliyeshinda, bali nani aliyepewa nafasi ya kusema, na alisema akijua nini.

Mjini Arusha imo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tarehe 22 Machi, 2018, ilitoa hukumu katika shauri namba 012/2015. Mwombaji alikuwa na pasi ya Tanzania. Mwaka 2012 alikwenda polisi kwa haja za ndoa yake. Uraia wake ukatiliwa shaka, pasi ikazuiwa. Tarehe 1 Septemba, 2014, alifukuzwa nchini akapelekwa Kenya. Kenya nayo ikamkataa, akabaki mpakani, katika ardhi isiyo ya huku wala ya kule. Ushahidi juu yake ulikuwa maneno ya watu waliohojiwa kuhusu wazazi wake, na maneno hayo yalipingana. Mahakama ilisema kwamba kwa mtu aliyeshika hati za nchi, ni juu ya Serikali kuthibitisha kuwa si raia. Ilisema pia kwamba alinyimwa haki ya kusikilizwa.

Rafiki yangu mmoja, mwanafunzi wa sheria, hunibishia kuwa Serikali haiwezi kuanika majalada yake yote. Ni kweli, wala sitaki yaanikwe. Jina la mtoa habari laweza kufichwa. Tuhuma yenyewe haiwezi. Mtu akiambiwa "tumepata habari kuwa wewe si wa hapa", atajibu nini? Akiambiwa kwamba fulani amesema mama yake ni mwingine, ataleta mkunga, jirani, au cheti cha ubatizo.

Mwaka 1962 Baraza la Mfalme huko London liliamua shauri la Kanda, inspekta wa polisi wa Malaya aliyefukuzwa kazi. Afisa aliyemhukumu alikuwa amepewa taarifa ya uchunguzi iliyomlaumu, naye Kanda hakuonyeshwa. Majaji hawakutaka kujua kama taarifa ile ilimgeuza afisa moyo. Kule kuwa nayo, mwenzake hana, kulitosha kubatilisha kufukuzwa kwake. Nalipenda shauri hili kuliko mengi yaliyo marefu zaidi.

Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995, katika kifungu cha 23, ilimwondolea Waziri wajibu wa kutoa sababu katika mambo yaliyo chini ya hiari yake, ikasema uamuzi wake ni wa mwisho. Jaji anayeombwa kupitia uamuzi wa namna hiyo hapimi kama ungempendeza yeye. Hutazama njia uliyopitia. Sasa ikiwa hakuna sababu iliyoandikwa, na hati iliyotegemewa imefungiwa kabatini, jaji atatazama njia ipi? Ndiyo maana Mahakama ya Arusha iliamuru sheria irekebishwe, ili mwenye kubishaniwa uraia apate mlango wa mahakama nchini mwake.

Mwezi wa Novemba, 2019, Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kuishtaki moja kwa moja katika Mahakama hiyo, na mwaka mmoja baadaye kuondolewa huko kukaanza kutumika. Basi mtu wa huku Momela atakayeambiwa kuwa si raia hawezi kubisha hodi mwenyewe kule, ijapokuwa anaweza kwenda mjini na kurudi siku hiyo hiyo. Ataanzia Mahakama Kuu, na ombi lake la kwanza litakuwa kuonyeshwa jalada.