Krismasi ya Nakapanya: Ni Nani Atakayemchinja Mbuzi?

Mwezi huu twapenda kuwapa habari za safari yetu ya Nakapanya. Tulikwenda huko kula sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana, tukarudi na fundisho ambalo hatukulitazamia.

Nakapanya ni katika wilaya ya Tunduru, mkoa wa Ruvuma, kando ya njia kuu itokayo Songea kwenda Masasi na pwani. Tuliondoka Songea alfajiri, tukapita Namtumbo na Tunduru, kisha tukavuka mto Muhuwesi. Toka Tunduru mjini hata Nakapanya ni yapata kilomita 66. Zamani wakati wa mvua safari hii ilikuwa ya matope na jembe. Siku hizi njia ni ya lami, nasi tuliingia kijijini jua lingali juu. Mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kunyesha, maembe yalikuwa yameiva, na chini ya mikorosho watoto waliokota korosho za mwisho.

Nchi hii ni ya Wayao, pamoja na Wamakua na makabila mengine, na walio wengi ni Waislamu. Katika karne ya 19 misafara ya pembe na watumwa kutoka upande wa ziwa Nyasa ilipita katika nchi hizi za kusini ikielekea Kilwa na Lindi, na dini ya Kiislamu ikaja kwa njia zile zile za biashara. Habari Njema nayo haikukawia sana: mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaleta Masasi watu waliokombolewa katika utumwa, wakajenga kijiji chao huko. Basi hata leo katika ukoo mmoja huwakuta Waislamu na Wakristo walionyonya ziwa moja.

Mwenyeji wetu alikuwa mama mmoja mjane, Mkristo, mwenye watoto wanne. Ndugu yake mkubwa, ambaye kwa desturi ya Wayao ndiye mjomba na mkuu wa ukoo, ni Mwislamu wa kuswali sana. Usiku wa kuamkia Krismasi mbuzi alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba, na mama akamwambia mwanawe mkubwa, "Kesho asubuhi mwite mjomba wako aje achinje." Kijana huyo alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam siku mbili zilizopita. Akajibu, "Mama, hii ni sikukuu yetu. Mbuzi ni wetu, na kisu ninacho. Kwa nini mwingine aje kusoma maneno yake juu ya nyama yetu?"

Nyumba ikanyamaza. Nasi twakiri mbele yenu, wasomaji, kwamba mioyoni mwetu tulikuwa upande wa kijana. Maneno yake yalikuwa na nguvu. Tulijiuliza: mbona Mkristo asiwe na kisu chake hata siku ya Bwana wake?

Wala jambo hili si la mchezo. Desturi ya siku nyingi katika nchi yetu ni kwamba nyama ya watu wote huchinjwa na Mwislamu, ili asiwepo wa kuachwa mezani. Lakini mwezi wa Februari mwaka 2013, huko Buseresere, mkoa wa Geita, ugomvi juu ya nani achinje uliwasha moto, na mchungaji mmoja akauawa. Kisu cha jikoni kikageuka kuwa kisu cha vita. Sote tuliokaa chumbani usiku ule tulizijua habari hizo, ingawa hakuna aliyezitaja.

Mama akawaza kitambo, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, Bwana alizaliwa zizini kwa sababu watu walisema hapana nafasi. Nawe wataka siku ya kuzaliwa kwake tumwambie mjomba wako kwamba hapana nafasi?" Kijana hakujibu neno. Lakini asubuhi tulimwona akitoka kwenda kwa mjomba wake, amevua kofia yake mkononi.

Mzee akaja katika kanzu yake, akapiga hodi, akasalimu watu wote. Akamlaza mbuzi, akasema maneno ya dini yake, akachinja. Alipokwisha kunawa mikono akamtazama mpwa wake, akasema, "Mimi kanisani siingii, nawe msikitini huingii. Lakini siku nitakapokufa, nani atalichimba kaburi langu kama si wewe?" Kisha akaketi chini ya mwembe, akatungoja mpaka tuliporudi katika sala.

Jioni tulimwuliza mwalimu wa kanisa juu ya dhamiri, maana twajua wako wasomaji ambao neno hili huwasumbua. Akatukumbusha ya kuwa Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho na Warumi habari za nyama na dhamiri. Chakula chenyewe hakituharibu, wala hakituweki karibu zaidi na Mungu. Mwenye kuharibu ni yule amkwazaye ndugu kwa ajili ya chakula. Tukaridhika. Mzee yule hakutuomba tuikane imani yetu. Aliomba mahali pa kukaa pamoja nasi tu.

Wala mtu asidhani kwamba twaificha tofauti. Jirani zetu humheshimu Isa mwana wa Mariamu kuwa ni nabii. Sura ya 19 ya Kurani ina jina la Mariamu, nayo yasimulia uchungu wake chini ya mtende. Sisi twamkiri kuwa ni Mwana wa Mungu. Tofauti hii si ndogo, wala sahani ya pilau haiwezi kuifunika. Lakini watu wawili waweza kutofautiana kwa jambo kubwa na bado wakala pamoja, kila mmoja akijua mwenzake amesimama wapi.

Na hili si geni katika historia ya kanisa letu la Afrika Mashariki. Huko Mkunazini, Unguja, mahali palipokuwa soko la watumwa, jiwe la msingi la kanisa kuu liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873. Sehemu ya kiwanja ilitolewa na mfanya biashara Mhindi, Jairam Senji, na saa ya mnara ilitolewa na Sultani Barghash, aliye Mwislamu. Basi ukumbusho ule wa Krismasi una mikono ya dini tatu ndani yake, wala hakuna aliyesema kwamba umepungua kwa ajili hiyo.

Ni nini basi kiipunguzacho Krismasi? Tuliona wenyewe siku ile ile. Ibada ilikwisha saa tano. Hata saa nane vilabu vilikuwa vimejaa, ngoma za spika zikipigwa, na fedha za korosho, jasho la mwaka mzima, zikamwagika katika chupa. Wengi wa waliokuwamo walibatizwa. Tulimwona baba mmoja amelala kando ya njia, na mtoto wake mdogo, mwenye gauni jipya, ameketi karibu naye akimlinda. Mwalimu wa kanisa akatuambia, "Watu hudhani wasio wa dini yetu ndio wataizima sikukuu hii. Mimi naona twaizima wenyewe."

Tulipoyasikia hayo tulikumbuka mambo ya Uingereza. Mwaka 1647 Bunge la nchi ile liliipiga marufuku Krismasi. Waliofanya hivyo walikuwa Wakristo, waliochukizwa, pamoja na mambo mengine, na ulevi na ghasia za siku zile. Sikukuu ikarudishwa kwa sheria mwaka 1660, mfalme aliporudi. Amri haikuweza kuiua, wala amri haiwezi kuifanya hai.

Katika Tanzania Krismasi ni siku ya mapumziko kwa wote, kama zilivyo Idi zote mbili na Maulidi. Serikali yetu haina dini, ila watu wake wanazo. Na tangu hesabu ya watu ya mwaka 1967 hakuna karani wa hesabu aulizaye mtu dini yake. Hivyo serikali yaweza kutupa siku ya mapumziko, lakini haiwezi kutupa sikukuu. Hiyo lazima itengenezwe nyumbani.

Basi, wazazi na waalimu, twawaomba mambo machache. Kabla ya nguo mpya, wasimulieni watoto habari za hori la Bethlehemu kwa vinywa vyenu wenyewe. Fedha ya mavuno na igawanywe mapema: ada ya shule kwanza, sadaka, kisha chakula cha sikukuu. Na sahani moja itoke kwenda kwa jirani asiye wa imani yenu, ikachukuliwe na mtoto, ili ajifunze njia angali mdogo. Nayo sahani hairudi tupu. Mwaka 2000 Idi el Fitri na Krismasi ziliangukia juma moja. Na kwa hesabu ya mwezi, mwaka 2033 Idi yatazamiwa tena siku mbili tatu tu kabla ya Krismasi. Watoto wa leo watakuwa wamekua wakati huo. Watakayoyafanya na kisu cha mbuzi siku hiyo, wanajifunza sasa kwetu.

Tulipoondoka Nakapanya, kijana yule alitusindikiza mpaka barabarani. Mkononi alichukua mguu wa mbuzi uliofungwa katika jani la mgomba. Tulidhani ni wetu, tukaanza kushukuru. Akacheka, akasema, "Samahani sana. Huu ni wa mjomba."