Arbuni ya Marani

Ndugu wasomaji, na hasa akina mama, wiki hii tunaeleza kosa letu wenyewe.

Binti yetu ameolewa Marani, kaskazini mwa mji wa Kisii, kwenye vilima vya chai na migomba. Mumewe ni mwalimu huko. Mwaka juzi tulipowatembelea palikuwa na nyumba ya matofali inayouzwa, robo ekari, shilingi 3,500,000. Mwenyewe, mzee wa Kigusii mwenye adabu zake, alisema yuko mnunuzi mwingine, na atakayetangulia kuweka arbuni ndiye mwenye nyumba.

Binti yetu akatuambia kwa sauti ya chini, "Baba, si bora tuwaulize benki kwanza?" Tukamjibu kwamba jambo la kheri halingojewi. Akanyamaza, akaenda kuuza bangili zake za harusi. Kwa wakili ikatiwa saini: arbuni asilimia 10, yaani 350,000, na siku 90 za kukamilisha malipo.

Ndipo tukaenda kwenye benki inayofuata Sharia. Bibi aliyetupokea akataka karatasi za mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato kupita theluthi mbili ya mshahara, na mkwe wetu alikuwa tayari anakatwa mkopo wa chama cha akiba. Hatukuwahi kumuuliza. Uwezo uliobaki haukufika hata nusu ya bei.

Kisha akatukumbusha jambo tulilolifundisha wenyewe miaka mingi. Katika murabaha, benki huinunua nyumba kwanza, ikaimiliki, ndipo ikamwuzia mteja kwa faida inayojulikana. Katika ushirika unaopungua, benki na mteja hununua pamoja, kisha mteja hulinunua fungu la benki kidogo kidogo, huku akilipa kodi ya sehemu asiyoimiliki. "Mkija mmeshatia saini kwa jina lenu, Sheikh," alisema, "mmetufungia ule mlango wa kwanza." Hatukuwa na jibu.

Madhehebu ya Imam Shafi, tunayoyafuata hapa pwani, hayamruhusu muuzaji kuizuia arbuni. Imam Ahmad ameruhusu. Miongoni mwa hoja zake ni habari ya Nafi bin Abdul-Harith, gavana wa Makka, aliyeinunua nyumba ya Safwan bin Umayya iwe gereza. Sharti lilikuwa kwamba Sayyidna Umar akiridhia, mauzo yamepita. Asiporidhia, Safwan apate mia nne. Tumeidarsisha habari hiyo mara nyingi kwa ajili ya hukumu ya arbuni. Usiku ule ndani ya basi la kurudi Mombasa tuliiona kwa jicho jingine: Nafi aliiweka ridhaa ya mwenye fedha ndani ya mkataba tangu mwanzo. Mkataba wetu haukuwa na neno hilo.

Siku 90 zikapita. Kwa saini zetu mzee alikuwa na haki ya kubaki na fedha zote. Kwa utu wake akarudisha 100,000.

Mwaka huu binti yetu ndiye aliyeongoza. Mumewe alimaliza kwanza deni la chama. Wakaenda benki kabla ya kutazama nyumba yoyote, wakapata barua inayotaja kiwango chao na muda wake. Barua si fedha: benki bado huikagua nyumba yenyewe, thamani yake na jina lililo kwenye hati, na huko vijijini hati nyingi zingali na majina ya mababu waliokwisha kufariki. Shamba nalo lahitaji idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi, la sivyo mauzo ni batili. Wakili akaongeza sharti: benki isipoikubali nyumba hii, arbuni irudi yote. Muuzaji akanung'unika, akatia saini.

Nyumba ni ndogo kuliko ile ya kwanza. Bangili bado hatujazirudisha. Kila mwezi tunaweka kidogo, naye hajatuuliza.