Tuliyojifunza kwa Akina Mama wa Usambara

Kutoka Usagara, hapa Tanga mjini, hadi Lushoto si safari ndefu, lakini ni kama kwenda nchi nyingine. Basi hupita Muheza, Segera na Korogwe katika joto, na likifika Mombo huanza kupanda. Ni kilomita zipatazo 33 za kona na makorongo, maporomoko ya maji ya Soni yakiwa njiani, na mara kila abiria anatafuta sweta. Wajerumani waliupendea mji huo baridi yake, wakauita Wilhelmstal. Sisi akina mama wanane, baadhi yetu wauguzi, tulikwenda mwishoni mwa masika kwa mwaliko wa wenzetu wa usharika mmoja wa kijijini, kuzungumza juu ya afya ya mama na mtoto.

Kwanza tulistaajabia mashamba. Yamelimwa kwenye miteremko ambako sisi watu wa pwani hata kusimama ni kazi. Mama mwenyeji wetu alituonyesha mistari ya majani ya Guatemala iliyokingama mteremko. Mistari hiyo huzuia udongo usichukuliwe na mvua, majani hukatwa kuwalisha ng'ombe wa zizini, na samadi hurudi shambani. Mradi wa SECAP ulihimiza kilimo cha namna hii wilayani Lushoto katika miaka ya 1980. Lakini masale yaliyopandwa mipakani ni desturi ya wazee tangu zamani. "Sale halihami," alituambia mama yule. "Ukiling'oa, kijiji kizima kitajua."

Jikoni kwake mahindi ya mbegu yalining'inia juu ya mafiga, yakipata moshi ili wadudu wasiyaharibu. Maharage ya mbegu yalichanganywa na majivu makavu na kufunikwa vizuri. Moshi huo unaolinda mbegu huumiza kifua cha mama na mtoto, na hilo wenyeji wanalijua: jiko lilijengwa peke yake, mbali na chumba cha kulala.

Katika nyumba ya pili tulimkuta mama kijana, mjamzito wa miezi saba. Alipotuona alisukuma chungu nyuma ya mlango na kumtuma mtoto akakate kabichi shambani. Chunguni mlikuwa na mnavu.

"Hii ni mboga ya shida," alisema kwa haya. "Siwezi kuwapa wageni kutoka mjini."

Mama mkwe wake alikirudisha chungu mahali pake. "Mwanangu, kabichi ni ya kuuza. Mnavu ndio uliomlea mumeo."

Bibi huyo alitueleza kwamba huchuma majani machanga tu, humwaga maji ya kwanza ili kupunguza uchungu, na huwaonya wajukuu wasile matunda yake ya kijani kwa sababu yana sumu. Si yeye peke yake mwenye mapishi hayo. Utafiti wa Anne Fleuret uliochapishwa mwaka 1979 ulionyesha jinsi mboga za porini zilivyokuwa sehemu kubwa ya chakula cha kila siku huko Lushoto.

Jambo hili halikuwa la mapishi tu. Tulipotazama ndani ya kope za mama kijana, palikuwa pamepauka, dalili ya upungufu wa damu. Kwa aibu ya kuonekana maskini, alikuwa ameanza kuacha mboga hizo na kushindia ugali na chai ya rangi. Mboga za majani mabichi zina madini ya chuma, na limau huusaidia mwili kuyapokea. Chai inywewayo pamoja na chakula huyazuia. Tulimshauri anywe chai baadaye, si wakati wa kula. Hata hivyo mboga peke yake haitoshi kwa mjamzito aliyepungukiwa damu. Hapana budi apimwe na kupewa vidonge. Kesho yake asubuhi mkwewe alimsindikiza kliniki, kwa mwendo wa saa mbili.

Na siku ya uchungu je? Bibi alituonyesha machela chini ya upenu: miti miwili mirefu na kamba imara. Gari halifiki pale. Mgonjwa akizidiwa hupigwa ukelele, na kila nyumba hutoa mtu wa kupokezana kubeba hadi barabarani. Majina ya wabebaji yalikuwa tayari yamepangwa, ingawa miezi miwili ilikuwa bado imesalia.

Mama msomaji, wangapi kati yetu hapa mjini tumeiacha mchunga, mnavu na kisamvu kwa kuona ni vyakula vya kimaskini? Wapikieni watoto, na waonyesheni mboga hizo zingali shambani, wazijue majani yake na namna ya kuzipika. Na kama nyumbani kuna mjamzito, msingoje uchungu uanze. Kaeni leo na majirani mkubaliane ni nani atakayeita gari, nani atakayemsindikiza, na nani atakayebaki na watoto.