Pikipiki Kuukuu kama Zana ya Kufundishia

Kwa miaka mingi tulitamani kupata pikipiki kuukuu tuibadili kwa mikono yetu, iweze mchanga wa njia ya Kwihara, nje ya Tabora. Tulipoipata, ilitufaa darasani kabla ya kutufaa njiani.

Tulitoa plagi, isije ikawaka, tukawaita wanafunzi. Sproketi ya mbele, yaani gurudumu dogo la meno livutalo mnyororo, ilikuwa na meno 14. Ya nyuma 42. Walizungusha gurudumu la nyuma mara moja, la mbele likazunguka mara 3. Tukauliza: je, ya nyuma ikiwa na meno 49? Aliyejibu kwanza, "Mara tatu na nusu," ni mtoto aliyedhaniwa mzito wa hesabu. Babaye ni fundi baiskeli.

Tulifunga sproketi hiyo, tukaongeza pingili za mnyororo. Nguvu ya kuvuta ilizidi, mwendo ukapungua.

Somo likaingia katika historia. Katika karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walipita huku wakienda Bagamoyo au Ujiji, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi. "Wao walibadili nini wapite mchangani?" tuliuliza. "Mwendo," akajibu yule yule.

Ndugu mwanachuo, usimpime mtoto kwa ubao peke yake. Mpe kwanza kitu cha kushika, ndipo umwulize.